Tawi la Chini ya Kovu

Jumamosi, Novemba 2, 2024

Mvua ya kwanza ya kweli. Si manyunyu — mvua! Imepiga bati mchana wote, ikaondoka, mlima ukabaki umefutwa na ukungu.

Niko jikoni. Jiko la hapa ni nyumba yake yenyewe: mlango mmoja, dirisha moja lisilo na kioo. Ndipo ninapokimbilia baba mkwe akikaribia. Ukutila — mke wa mtoto humkwepa baba wa mumewe. Sisemi naye, sikutani naye njiani, sili anapokula. Yeye naye ana wajibu wake: akifika uani anakohoa, mimi natoweka. Miezi minne sasa.

Kwetu Makandana watu wa rika langu wanaicheka desturi hii. Hata hapa Lufingo nyumba nyingi zimeiacha. Hii haijaiacha. Kabla ya ndoa Nelson aliniuliza kama nitaweza. Nilikubali kama mtu anayekubali kuvua viatu mlangoni. Na nikiri, maana hakuna anayesoma: siichukii. Yupo mtu mmoja duniani ambaye silazimiki kumchekea.

Baba mkwe ana kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba. Anabebesha. Yaani anachukua kikonyo, ncha ya tawi la mti mzuri, anakichonga, anakipachika kwenye mche ulioota kwa kokwa, anafunga nailoni. Wanasema mkono wake haukosi. Vikonyo vyote vinatoka kwenye mti mmoja wa Hass uliosimama kati ya kitalu na njia. Akina mama wa usharika wameagiza miche ya msimu huu yote. Wataichukua Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu.

Siku ya harusi yetu mchungaji alisema bibi harusi ni kikonyo, amebebeshwa kwenye shina la ukoo mpya, sasa ni mti mmoja. Vigelegele! Mimi ndani ya shela nikawaza: hapana. Maji yanapita, sukari inapita. Kiini cha seli hakipiti.

Sikumwambia mtu. Siku ya harusi mtu hamsahihishi mchungaji.

Jumatatu, Novemba 4

Kidato cha tatu, mgawanyiko wa seli. (Bado najitolea tu. Ajira hazijatangazwa.)

Niliwaambia: kabla ya kugawanyika, seli inanakili kila kitu. Si muhtasari. Kila kitu, hata yale isiyoyatumia. Seli ya jani inabeba maelekezo ya mzizi, ya ua, ya kokwa, na haiyagusi maisha yake yote. Inayanakili tu na kuyapitisha. Kisha kromosomu, zile nyuzi zinazobeba maelekezo, zinajipanga katikati, zinavutwa pande mbili, na kila seli binti inaondoka na urithi mzima. Hakuna anayepunjwa.

Walikuwa wanaangalia dirishani. Nikatoa majani niliyochuma asubuhi, baba mkwe akiwa ameshatangulia shambani: jani la mti mama na majani ya miche michache. Nikasema, huu mti na hii miche ni mmoja. Hass zote duniani ni mti mmoja, umeendelea kugawanyika seli kwa seli, mkono kwa mkono, nchi kwa nchi. Hapo wakaamka. Wakayafikicha, wakanusa. Yote harufu moja, tamu na kali, kama dawa ya kikohozi. Nikafurahi kuliko kawaida yangu. Ushahidi puani!

Hellen akanyoosha mkono. Madam, Hass za kwetu hazinuki hivi. Zinanuka majani tu.

Darasa likalipuka: Za kwenu zina mafua! Hellen hakucheka. Akasema yenye harufu hiyo ni ile ya kienyeji ya bibi yake, iliyoota yenyewe jalalani.

Nikamwambia tutaangalia. Jibu la mwalimu asiyejua.

Jumanne, Novemba 5

Nimeangalia.

Baba mkwe alikuwa Tukuyu kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Mama mkwe akaniruhusu kitaluni. Akauliza ninatafuta nini, nikasema majani ya darasani. Akasema shule za siku hizi zinakula hata palachichi bichi. Anasema hivyo, palachichi, kama wote wa rika lake.

Mti mama una kovu karibu na goti langu, pale ulipobebeshwa zamani. Gome la juu ya kovu na la chini yake hayafanani, ukitazama. Hakuna anayetazama. Tawi kubwa la upande wa njia limetoka chini ya kovu. Limepinda, likapanda, likachanganya majani yake na ya wenzake. Halijawahi kuzaa hata tunda moja. Mama mkwe huliita goigoi, anadhani ni vivu. Si vivu. Ni mti mwingine.

Nilikaa chini, nyasi zikiwa mbichi.

Nilichuma jani la juu, nikivuta tawi kwa jembe. Halinuki. La tawi la chini: dawa ya kikohozi. Nikaenda kwenye miche. Safu za karibu na tangi hazinuki. Za upande wa uzio zinanuka zote. Katikati zimechanganyika. Kwa jumla inayonuka ni zaidi ya nusu.

Kwa hiyo miaka yote hii wawili wamesimama kwa mguu mmoja. Wamekunywa maji yale yale. Wamelishana sukari. Na hakuna aliyejifunza hata neno la mwenzake. Kila seli iliyozaliwa juu ya kovu ni Hass. Kila iliyozaliwa chini ni mtoto wa kokwa fulani, ya tunda fulani alilolila mtu nisiyemjua na kutupa kokwa. Wanunuzi wa nje hawataligusa tunda lake.

Seli hazikukosea popote. Hilo ndilo linaloniudhi. Zimenakili barabara, mgawanyiko baada ya mgawanyiko, kile kile kisichotakiwa.

Kikonyo hunyolewa majani yote kabla ya kufungwa. Kijiti kitupu. Hakuna ambaye angejua kwa kunusa. Baba mkwe alibebesha miche yote kwa mkono wake, lakini mwezi wa tano alikuwa anaumwa mguu. Aliyekata vikonyo ni Nelson.

Jumatano, Novemba 6

Sijasema. Nelson yuko zamu ya usiku kiwanda cha chai. Analala mchana na kitambaa usoni. Nimemtazama akipumua. Sikuhisi hasira. Nilihisi kama mtu aliyefungua jibu la maabara la mtu mwingine.

Alhamisi, Novemba 7

Nimemwambia akiwa anakula.

Alicheka kwanza, akaniita kwa jina langu la nyumbani. "Dai, unanusa miche sasa? Una mimba?"

"Sina. Vikonyo vya mwezi wa tano ulikata wapi?"

"Mtini."

"Mtini wapi?"

Akaacha kula. Ngazi ilikuwa imeazimwa, akasema. Mvua, gome linateleza. Alianza juu, akachoka, akamalizia pale mkono ulipofika. "Si mti ule ule?"

Nikamweleza kovu. Ana akili Nelson, anaelewa haraka. Nilimwona akielewa. Kisha nikamwona akitafuta mlango wa kutokea.

"Watajua lini?"

Ikizaa, nikasema. Hass ni mwaka wa tatu au wa nne. Hii ya kokwa inaweza kwenda saba, nane.

"Miaka minane!" Kwa sauti ya mtu aliyesamehewa.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba baba yake alikuwa anakaa kwenye gunia mguu umevimba, anabebesha mmoja mmoja, na kila mmoja ukishika anamwita mtu aje aone. "Ukimwambia, unamwambia mikono yake ilifanya kazi bure. Usimwambie mzee."

"Siruhusiwi kumwambia kitu," nikasema. "Nimeolewa kwenu."

Hakucheka. Nilidhani atacheka.

Ni hoja nzuri, ile ya mikono. Anampenda baba yake. Pia anajificha nyuma yake. Nimejaribu kutenganisha hizo mbili nikiosha vyombo. Imeshindikana.

Jumapili, Novemba 10

Kanisani wametangaza miche. Tarehe ishirini na tatu, nyumbani kwa Mzee Ambilikile — baba mkwe wangu — mje na vyombo vya kubebea.

Nje, Esnath, jirani yetu wa upande wa mtoni, amenishika mkono. Viganja vyake vimechubuka. "Mwalimu! Nimeanza kung'oa."

Anang'oa kahawa. Marehemu mumewe aliipanda yote, na hana kipande kingine cha kulima.

Wenzake hawakumwacha. "Esnath, unamng'oa mume kabla ya mwaka kuisha?"

"Alikuwa hazai tena, miaka mitatu!"

"Nani? Kahawa au mume?"

"Wote wawili!" — na wakashikana mabega kwa kicheko, vitenge vya kwaya vikipepea, mpaka mchungaji akageuka.

Nikamuuliza kama hawezi kusubiri kidogo. Asubiri nini, mwalimu? Mvua ndiyo hii. Amepiga hesabu: parachichi la kubebeshwa linazaa mwaka wa tatu au wa nne, na mdogo wake Hosea atakuwa anamaliza shule. Katikati atapanda maharage. Amefikiria kila kitu. Kila kitu alichoambiwa.

Nikasema, hongera kwa kazi.

Ndicho nilichosema. Hongera kwa kazi.

Jumanne, Novemba 12

Nimemwambia mama mkwe. Tulikuwa tunamenya ndizi. Sikumtaja Nelson. Nilisema tawi, kovu, harufu.

"Majani yananuka? Hata mimi nanuka, nimepika tangu asubuhi."

Nikamletea jani la tawi la chini na jani la juu. Akafikicha, akanusa, akarudia. Akayaweka yote kwenye maganda ya ndizi na kuendelea kumenya.

"Nani alikata vikonyo?" akauliza, ingawa alikuwepo.

Nikachukua ndizi nyingine. Akatikisa kichwa. Yeye hatalipeleka neno hili. Ni mama wa mmoja na mke wa mwingine. Neno likipita kwake litachukua ladha ya mdomo wake, na mzee atasema mke wangu Atuganile anamtetea mtu au anamchoma mtu. "Wewe ndiye uliyeona. Lipeleke."

"Mama, nitampelekeaje?"

Akanitazama kama naye ananionea huruma. Kumbe kuna njia! Miezi minne hakuna aliyeniambia. Yeye alipokuwa mgeni nyumba hii, baba mkwe wake akiwa sauti tu nyuma ya ukuta, alikuwa anaongea na ng'ombe. Mzee yuko karibu, husemi naye. Unamwambia ng'ombe. Kama mzee ana masikio, shauri yake.

"Ng'ombe wetu yule alijua siri zote za ukoo," akasema. "Tulipomchinja niliogopa kumla."

Sasa hatuna ng'ombe.

"Kuku si wapo? Gwe, wewe una digrii, utashindwa na kuku?"

Alhamisi, Novemba 14

Nimesema na kuku.

Mchana, baada ya mvua. Baba mkwe alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, ananoa jembe kwa tupa. Mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo — nguo zilizokuwa zimeshakauka na kulowa tena, alikuwa anasikiliza. Mimi ndani. Kuku mwekundu alikuwa chini ya meza akitafuta punje.

Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Niliupima kwa kidole shingoni, kisha nikaona ni upuuzi, nikaacha.

"Kuku," nikasema. Kwa sauti ya darasani, sijui nyingine. "Kuku, lile tawi la chini si Hass."

Tupa ikasimama.

"Jembe," baba mkwe akasema nyuma ya ukuta. Sauti nyembamba kuliko kikohozi chake. "Jembe, kuku huyu amesoma wapi?"

Mama mkwe akajiziba mdomo na shati la Nelson.

"Kuku, tawi limetoka chini ya kovu. Chini ya kovu ni mti wa kokwa. Majani yake yananuka, ya juu hayanuki. Na miche mingi kitaluni inanuka kama tawi."

Akajibu:

"Jembe, mti ni mmoja. Nimeupanda mimi. Mguu wa mtu na mkono wake vina damu moja."

Nikaona hapo ndipo penyewe! Ana haki. Kwa mtu ni hivyo. Nikamwambia kuku — alikuwa ameshafika mlangoni, ikabidi nimzuie kwa mguu — kwamba mtu ameanza kwa seli moja, ndiyo maana mguu na mkono vinakubaliana. Mti huu walikuwa wawili, wakaunganishwa wakubwa. Kila upande unajizaa wenyewe tu. Hata wakae miaka mia.

"Jembe, mimi sinusi," akasema. "Tangu mwaka ule wa kifua hata moshi siusikii. Mwambie kuku hivyo."

Nikasema kuku amesikia, na anasikitika.

"Na vikonyo alikata mwanangu. Nitamuuliza mwanangu."

Tupa ikaanza tena. Nikamwachia kuku akatoka mbio, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Nikarudisha mikono kwenye unga. Na nikiri: nilifurahi! Hakuna mtu aliyenibishia vizuri hivyo tangu nitoke chuo.

Ijumaa, Novemba 15

Nelson ameulizwa. Amesema alikata juu.

Jumapili, Novemba 17

Tumerudi kutoka kanisani tukakuta tawi la chini liko chini. Baba mkwe hakwenda ibadani. Amelikata kwa msumeno, usawa na shina, akapaka udongo jerahani. Limelala njiani na majani yake yote. Uwanja mzima unanuka dawa ya kikohozi, na yeye peke yake hasikii.

Nimejaribu kulisoma tendo hili. Moja: ameamini, hataki kosa lirudiwe mwaka kesho. Mbili: ameondoa ushahidi. Tatu: amechoka kuliangalia. Tawi linakubali maelezo yote matatu.

Miche iko pale pale, safu zote. Maji imepewa.

Nelson haongei nami. Anasema "pisha," anasema "chumvi."

Jumatano, Novemba 20

Amesema leo. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Akasimama mlangoni na koti la zamu.

"Umenianika."

Nikasema sikulitaja jina lake hata mara moja. Muulize kuku.

"Unaona? Kwako ni mzaha. Kwako sisi ni somo." Akasema nakaa humu ndani nikiwaandika kichwani kama wadudu. Kwamba watu wameshalima mashimo, baba yake ni mzee wa kanisa, na yeye atakuwa mtu wa kusimuliwa kila parachichi likiletwa mezani. "Na ungeweza kunyamaza tu. Kunyamaza ndiyo heshima yenyewe ya hii nyumba!"

Kuhusu wadudu huenda ana haki. Kuhusu kunyamaza nilikuwa na jibu. Nikamwambia kwamba Esnath amemaliza kung'oa. Nimeona mashina yamelundikwa, mizizi juu. Akasema anajua, amepita pale asubuhi. Akasimama kidogo zaidi.

"Sema na mzee mwenyewe," nikasema. "Hutakuwa umegunduliwa kwa kunuswa. Utakuwa umesema."

"Nimeshamjibu. Mtu hamjibu baba yake mara mbili."

Akaenda kazini.

Darasani leo tulifika mahali ninapopapenda. Kabla ya kuzivuta nyuzi, seli inasimama. Inakagua. Kama hata uzi mmoja haujashikwa pande zote mbili, inasubiri. Haiendelei kwa sababu siku imeshatangazwa. Ikiona haitengenezeki, mara nyingi inajiua kimya kimya, tishu nzima isiharibike.

Wakaandika. Hellen akauliza: na ikiamua kuendelea hivyo hivyo, madam? Nikasema inatokea. Akauliza kisha inakuwaje. Nikasema kisha zinakuwa mbili.

Ijumaa, Novemba 22

Kesho.

Baba mkwe ametembea kwenye safu jioni, peke yake. Namwona kwa dirisha. Anang'oa jani, anafikicha, analipeleka puani, anasubiri. Analitupa. Anachukua jingine. Anajua fika kwamba hatasikia kitu. Amerudia hivyo mpaka safu ikaisha.

Nilitamani kutoka. Ningetoka nikasema nini? Kuku wameshalala.

Jumamosi, Novemba 23

Naandika jikoni, kwa haraka. Mvua imesimamisha kila kitu na sijui itanipa muda gani.

Walianza kufika mapema. Mabeseni, matenga, toroli moja. Esnath wa kwanza. Mama mkwe na mimi tulikuwa na sufuria mbili za wali motoni, na mlango nimeurudisha kama inavyotakiwa. Nikasikia maombi. Nikasikia baba mkwe akishukuru. Nikawaza, basi, imekwenda.

Kisha akasema miche haitatoka mpaka inuswe.

Vicheko. Mzee, tunanunua miche au pilau? Akaeleza, kwa maneno machache mno, kwamba huenda imechanganyika Hass na ya kienyeji, kwamba ya kienyeji inanuka, na kwamba pua yake imekufa. Wote wakaongea pamoja. Kila mtu akanusa. Huyu anasema unanuka, yule anasema ni mikono yako, mama, umekula vitunguu. Wakabishana juu ya mche mmoja mpaka ukabaki kijiti. Mtu akamuuliza Nelson: si wewe ulikata? Nilimsikia. Mbele ya wote. "Nilikata juu."

Esnath akasema, "Basi si amesema? Tupeni miche, mvua inakuja."

Na baba mkwe akasema, pole pole, kwamba ndani ya nyumba yake kuna mtu anayejua tofauti. Hawezi kumwita. Atampelekea.

Nikasikia hatua zake. Sikuwa na pa kukimbilia, jiko ndilo pa kukimbilia. Mama mkwe akafungua mlango kidogo, na mche ukawekwa kizingitini, kiriba chake cha nailoni kikidondosha maji. Akatugeuzia mgongo. Akasema hewani: mzuri uwekwe kulia, mbaya kushoto. Nelson atabeba.

"Parachichi zinakaguliwa na mkwe!" mwanamke mmoja akapiga kelele, wakacheka tena, lakini kidogo.

Nikavuta jani. Halinuki. Kulia. Mkono wa Nelson ukaingia, ukauchukua. Wa pili: kulia. Wa tatu. Baba mkwe alianza na safu za karibu na tangi. Sijui kama alijua. Kulia, kulia, kulia. Nelson akawa anabeba haraka, anarudi akikimbia. Nilimsikia akitania mtu. Nje wakaanza kuimba kidogo. Esnath akasema tenga lake linajaa, Mungu mkubwa. Mama mkwe aliyekuwa amesimama na mwiko akaketi.

Nilifikiri: hivi ndivyo furaha yao inavyokuwa. Na iko mikononi mwangu kwa dakika chache.

Kisha ukaja huu. Nilijua kabla ya kufikicha. Nikafikicha. Nikanusa mara ya pili, kwa heshima ya utaratibu.

Lazima niandike hili kwa usahihi. Nilishika kiriba kwa mikono miwili na nikafikiria kuuweka kulia. Si kwa huruma tu. Nilifikiria chumba chetu, usiku, miaka minane ya "pisha" na "chumvi." Hakuna pua nyingine ambayo wangeiamini. Baba mkwe alikuwa amenipa mgongo. Ingekuwa mche mmoja. Na baada ya huo, unaofuata. Mama mkwe alinitazama mikononi, hakunitazama usoni.

Nikauweka kushoto.

Nelson aliingiza mkono upande wa kulia, kwa mazoea, ukakuta sakafu. Nikasikia wimbo ukikatika sauti moja moja.

Ndipo mvua ikashuka, kubwa, wote wakakimbilia barazani na mabeseni vichwani. Baba mkwe hakukimbia. Yuko pale pale, hatua chache kutoka mlangoni, na sasa hanipi mgongo tena: amemgeukia mwanawe. Esnath anauliza kutoka barazani huo wa kushoto ni wa nini, mbona hausongi.

Mlango umebaki wazi. Matone yanafika mezani, wino unatawanyika. Mche uko kizingitini. Viatu vya Nelson vimesimama mbele yake, maji yanajaa ndani.

Mama mkwe ameita jina la mwanawe mara moja.

Bado hajainama kuuchukua.